Hafswa Alimwambia Somo Yake

Mimi ni somo. Ukisikia bibi-arusi wa mtaa wetu wa Barani kafundwa akafundika, jua kapita mikononi mwangu. Miaka ishirini na miwili nawasugua mwili kwa singo na kuwafunza kuishi na mume, na mdomo ninao, sifichi. Kwa hivyo Hafswa, mwari wangu, aliponijia kunialika mkutano wa kina mama kule Gede ambako angezungumza, nilimjia juu.

"Shikamoo, somo."

"Shikamoo yako nini! Ukaseme nini mbele za watu?"

"Nikaseme Swafwan alinivunja taya."

"Siri ya nyumba hiyo! Ndivyo nilivyokufunza?"

"Ndivyo ulivyonifunza," akasema. "Ndiyo maana nakualika."

Akaenda zake. Hata chai haikunipita siku ile kwa hasira.

Nilikwenda lakini. Si kwa mapenzi, wallahi. Niliogopa nitatajwa nami sipo. Kadzo, muuza samaki wa Dabaso, ndiye aliyesema kwanza. Alionyesha kovu la panga shingoni, akasema mumewe amefungwa, akaomba maji, akaketi. Kisha Hafswa akashika maikrofoni. Taya lake limepona lakini limekaa upande. Alieleza miaka mitatu ya ndoa, taratibu, bila kulia. Alikuwa hajamaliza mamake Swafwan aliposimama.

"Mwongo huyu! Alianguka msalani! Angekuwa anapigwa, si angemwambia somo yake? Somo yake yule pale. Muulizeni!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Hiyo kweli ndiyo ada yetu: mwari akiumia, somo huambiwa kabla ya mama mzazi. Somo akisema hakuambiwa, basi halikutokea. Na kesi ya Swafwan ilikuwa isikizwe wiki ile ile. Neno langu lingefika mahakamani kabla yangu.

Nikisema sikuambiwa, Hafswa amekwisha. Nikisema niliambiwa, wataniuliza nilifanya nini, na mamake Safaa, mwari niliyekuwa nimfunde Alhamisi, alikuwa amekaa safu ya mbele ananitumbulia macho. Nilijiangalia mkono wa kushoto. Kidole changu cha mwisho hakikunjiki. Barani nzima inajua kilibanwa na mlango. Mlango wenyewe ni marehemu Abdurahman, mume wangu.

Nikasimama. 

"Aliniambia," nikasema. "Mara tatu. Ya kwanza nikampa manjano akandie uvimbe. Ya pili nikamwambia avumilie, mumewe atatulia wakipata mtoto. Ya tatu nikamkaripia kwamba anaianika nyumba yake. Na kidole hiki hakikubanwa na mlango. Kilivunjwa na mume wangu, nami niliwafunza wenzangu kunyamaza kama nilivyonyamaza."

Mamake Swafwan akaketi. Mamake Safaa akachukua mkoba wake akatoka, hata kwaheri hakuniaga. Niliona haya, lakini pia, niseme kweli, nilijiona shujaa. Nikamgeukia Hafswa nikingoja ahsante yangu.

Hafswa alikuwa ananitazama bila chuki.

"Mara nne, somo," akasema. "Ya nne nilikupigia simu. Hukushika."

Yarabi! Siku ile ya taya. Nilikuwa arusini, nimevaa leso mpya, nikaliona jina lake kwenye simu, nikasema huyu naye hachoki, nikaipindua simu juu ya mkeka nikaendelea na vigelegele.

Everlyne, mwanamke aliyekuwa akiandika maneno ya mkutano, akainua kalamu. "Mama, niandike tatu au nne?"

 Nikakohoa.

"Andika nne," nikasema. "Na uandike kwamba simu niliiona."