Waya wa Birika

"Bonyeza Sawa," alisema karani wa mapokezi.

"Nimebonyeza."

"Bonyeza tena, dada."

Zimawasha akabonyeza tena. Kijisanduku cha kijivu kikapotea, kikakaa kidogo huko kilikokwenda, kikarudi palepale katikati ya skrini na maneno yake yaleyale: programu ya kujisasisha imeshindwa kuanza, faili halionekani. Nyuma yake kila kitu kilikuwa kimeganda. Upande wa pili wa dirisha foleni ilishafika mlangoni, na watu walianza kusukumana kwa viwiko.

Zimawasha ndilo jina alilojulikana nalo hospitali nzima, kwa kuwa kila aliyemletea malalamiko ya kompyuta alijibiwa kwanza, "Zima, washa." Jina alilopewa na mama yake lilibaki nyumbani. Alikuwa fundi, lakini fundi kibarua, na miaka nenda miaka rudi Mkuu wa hospitali alimwahidi ajira ya kudumu. Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi, kubadilisha wino, na kutogusa chochote ndani ya mashine. "Ombi la mashine mpya liko juu," Mkuu alikuwa akisema. Juu huko ni wapi, hakuna aliyewahi kuonyeshwa.

Mapokezi yaliwahi kuwa na kompyuta mbili. Ya pili ilipokufa, Mkuu alimtuma Zimawasha achomoe waya wake wa umeme auchomeke kwenye birika la ofisini, kwa sababu wa birika ulikuwa umeungua na chai haisubiri. Ikabaki hii moja. Kila asubuhi yeye na karani walibonyeza Sawa mpaka kijisanduku kichoke chenyewe. Leo hakikuchoka.

Na leo, jamani, mama yake alikuwa kwenye foleni.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho waliokuja hospitali kuu walikuwa wanaondoka kesho jioni, na anayetaka kupasuliwa lazima afike na barua ya rufaa iliyochapwa kwenye mfumo. Ya mkono hawapokei. Waliojaribu walirudishwa getini, wazee wazima, kama watoto waliosahau madaftari.

Zimawasha alimtazama dirishani. Mama naye aligeuza uso, akatabasamu kwa upendo wote. Alikuwa akiitabasamia nguzo.

"Wewe si fundi?" karani alimnong'oneza. "Ingia humo ndani uitengeneze. Mimi sijaona kitu."

Akaingia. Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililomtia hasira. Ile programu ilikuwa ya printa ya zamani iliyotupwa kitambo. Kila mashine ikiwaka, yenyewe ilikwenda kuwatafuta wenyewe walioitengeneza, nao walishaacha kuzihudumia mashine za aina hii. Ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Zimawasha akaifungua orodha ya programu zinazojiwasha, akaondoa tiki moja. Akazima, akawasha.

Kijisanduku hakikuja. Printa ikakohoa, ikatoa barua ya kwanza.

"Hongera fundi!" foleni ikapiga makofi.

"Kumbe ni tiki tu?" mzee mmoja mwenye mkongojo aliuliza. "Mwezi mzima tunashinda hapa na njaa kwa ajili ya tiki?"

Karani akamvuta Zimawasha sikio. "Mlete mama yako sasa hivi, kabla haijabadili mawazo."

Akamwendea. Mama akaung'ang'ania mkoba wake mapajani. "Namba yangu bado. Huyu aliye mbele yangu amekuja alfajiri na mtoto mgongoni. Nimpite kwa uso gani?"

"Mama, macho yako!"

"Macho yameniishia, lakini kuona haya sijaacha. Nenda kafanye kazi yako, mwanangu."

Zimawasha akarudi huku amekasirika na kujivunia kwa pamoja. Barua zikaendelea kutoka. Mbele ya mama walikuwa wamebaki watu wachache tu Mkuu alipoingia mbiombio, jasho linamtoka.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi, Mkuu. Imepona."

"Imepona!" Mkuu alishika kichwa. "Binti, wakaguzi wako getini. Wamekuja kuthibitisha kwamba imekufa. Wakiikuta inachapa watasema tunajiweza, na mashine mpya tutazisikia redioni. Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Lile kosa! Wakishaondoka uliondoe, foleni iendelee. Ni dakika chache." Kisha akashusha sauti. "Na suala la ajira yako nalipeleka wiki hii. Usiniangushe."

Alitaka kubisha. Lakini dakika chache ni nini? Na ajira ilikuwa ajira. Akarudisha tiki, akazima, akawasha. Kijisanduku kikatokea kwa furaha yake yote.

Wakaguzi walikuwa wawili, wapole tu. Wakakipiga picha, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakabandika karatasi nyekundu juu ya mashine: IMEFUTWA. Kisha mmoja akainama, akachomoa waya wa umeme, akauviringisha na kuutia mkobani.

"Huo waya wa nini?" Zimawasha aliruka.

"Utaratibu. Mashine iliyofutwa hairuhusiwi kuwashwa."

"Na mpya zinakuja lini?"

"Taratibu za ununuzi zinaendelea."

Mkuu alipigwa na butwaa. Akawakaribisha wakaguzi chai.

Mama akainua uso. "Mwanangu, mbona printa imenyamaza? Si uliitengeneza?"

"Niliitengeneza, mama. Kisha nikaiharibu kwa mikono yangu. Nimeambiwa."

Mama hakumlaumu. Alipapasa fimbo yake chini ya benchi, akasema, "Basi twende nyumbani. Nimeshazoea." Afadhali angemtukana. Zimawasha aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisini kwa Mkuu, akasema hodi, akaingia bila kungoja karibu. Birika lilikuwa limeanza kuimba na vikombe vilikuwa vimepangwa. Akachomoa waya ukutani, kisha akauchomoa kwenye birika.

"Unafanya nini?"

"Huu ni waya wa mapokezi, Mkuu. Niliuleta mwenyewe."

"Ukitoka nao mlango huo, kazi hapa huna. Usije kesho wala kesho kutwa."

Alisimama. Waya ulikuwa na joto mkononi. Miaka yote ile ya kungoja ilimpita moyoni, ikamuuma kweli. Kisha akatoka nao.

Mashine ikawaka na karatasi yake nyekundu usoni. Kijisanduku kikaja. Akamwita karani, akamwonyesha polepole pale tiki ilipo. "Kikirudi, unatoa hapa. Umeona?" Karani akaiondoa mwenyewe, akazima, akawasha. Akaita namba, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasogea.

Mkuu akatokea na wakaguzi nyuma yake. Mkaguzi mmoja aliitazama printa ikitoa barua, akashangaa kwa dhati.

"Lakini hii tumeshaifuta. Haifanyi kazi."

"Sawa, baba," alisema mzee wa mkongojo, akijipanga vizuri mbele ya mlango wa chumba cha karani. "Itoke barua yangu kwanza, ndiyo isifanye kazi."

Watu wakaangua kicheko, na wote wakasogea wakajipanga na mzee pale mlangoni. Hakuna aliyemtukana Mkuu. Wala hakuna aliyempisha.

Zamu ya mama ilipofika, Zimawasha alimshika mkono hadi dirishani. Mama akaipokea barua kwa mikono miwili, akaikunja, akaisukumiza ndani kabisa ya mkoba. Walipokuwa wanateremka ngazi kuelekea kituoni, akasimama ghafla.

"Na kesho nani atanisindikiza kwa daktari? Wewe si una kazi?"

"Nitakusindikiza mimi."

"Umepewa ruhusa?"

"Nimepewa, mama. Mkuu mwenyewe kanipa, ya kesho na ya kesho kutwa."

"Mungu ambariki," alisema mama.