Mzigo wa Nishani

Bi Jokha alikuwa anaanua nguo baada ya sala ya alasiri, maana mawingu ya Hounslow hayaaminiki, pale ndege ya Wajerumani ilipotua bustanini kwake. Ilikuwa ndege ya zamani, ya mbao na turubai, na badala ya magurudumu ilikuwa na mashua mbili ndogo za kuelea majini. Ilipenya chini ya ndege kubwa zilizokuwa zikishuka uwanja wa Heathrow mfululizo, ikakata kamba ya nguo, ikaondoka na shimizi moja, halafu ikakaa sawasawa kwenye dimbwi lililobaki tangu mvua ya asubuhi.

Wakashuka watu wawili, wamelowa chapachapa. Walikufa zaidi ya miaka mia iliyopita, katika bahari ya kaskazini, na yale maji yalikuwa hayajawakauka bado. Mrefu aliitwa Luteni Behnke. Mfupi hakujitaja. Kila mmoja alivaa kifuani nishani ya rangi ya dhahabu, umbo la yai, na taji juu yake. Ndani tai anaruka juu ya bahari na jua linachwa. Ni nishani ya marubani wa jeshi la majini, Behnke alieleza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, ndicho alichofundishwa kabla ya safari ya Afrika, safari ambayo hawakufika.

"Tazama," alisema, akijigonga kifua. "Shangaa."

Bi Jokha akatazama. "Mashallah," akajibu kwa adabu. "Vueni viatu, zulia limefuliwa juzi."

Nyuma yao, kwa mlango wa pembeni, akaingia mtu mwembamba, peku, shuka kiunoni, na sanduku la mbao kichwani. Yeye hakuja kwa ndege. Alikuja kwa miguu, na vumbi lilimfika magotini. Akasimama karibu na pipa la taka.

Mgeni haulizwi alilojia mpaka ale, kwa hiyo Bi Jokha aliwaandalia marubani sebuleni, wali na mchuzi wa samaki, kisha kahawa na kaimati. Tai wakashuka kwenye nishani wakadonoa makombo ya kaimati mezani, wakarudi. Yule wa nje alimpelekea ukoko juu ya mfuniko wa sufuria, akamwekea miguuni, kama walivyofanya kwao zamani kwa mpagazi anayengoja mabwana zake.

"Ahsante, mama," mpagazi alisema. Lakini hakuinama kuuchukua.

Ilipoadhiniwa magharibi kwenye simu, Bi Jokha alifunika vifua vya wageni kwa taulo za jikoni, maana hawezi kusali mbele ya picha za tai, akasali. Alipotoa salamu, Bibi Mize alikuwa keshafika. Bibi Mize, mama wa baba yake, alikufa Ng'ambo ya Unguja wakati Jokha yuko darasa la nne. Tangu Jokha ahamie Hounslow humjia kila magharibi kwa mlango wa jikoni, na swali lake ni moja.

"Kaja mtu?"

"Hajaja, bibi. Nina wageni tu."

Bibi Mize akachungulia dirishani. "Na yule?"

"Mpagazi wao."

"We Jokha! Babu yako unampa ukoko?"

Jokha alimjua babu yake Ameir kwa kusimuliwa tu. Alivuka kwenda Tanga kununua nguo za harusi ya dada yake, vita vya Wajerumani vikamkuta huko, akafungwa kamba njiani pamoja na wengine, akatwikwa mzigo. Hakuna aliyeleta habari. Hakuna orodha aliyoandikwa. Bibi Mize hakukaa eda, kwani eda haikaliwi kwa mume asiyejulikana kama kafa, na hitma haikusomwa kwa sababu hiyohiyo. Hakuolewa tena. Mpaka anakufa hakuwahi kutia komeo mlango wake. Jokha mwenyewe, mumewe Ziyad alipofariki, alikaa eda yake ikatimia, na kila siku ya eda ile alimfikiria bibi yake ambaye hata hilo alinyimwa.

Bibi Mize akatoka bustanini, akasimama mbele ya mumewe.

"Ameir."

"Naam."

"Umechelewa."

"Mzigo huu, Mize."

"Utue basi, uingie ndani."

"Sijaamriwa."

Bi Jokha akarudi sebuleni. "Baba zangu," aliwaambia marubani, "mwambieni yule atue mzigo. Neno moja tu."

Behnke akashusha kikombe. Alisema mzigo ni wa jeshi la nchi kavu, na wao ni wa majini. Akaigusa nishani yake kuthibitisha. Mfupi akaigusa ya kwake.

"Haiwezekani," alisema Behnke. "Lete kahawa."

Asubuhi, Gurdial wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Kisumu, alichungulia juu ya uzio.

"Mama Najla, hiyo ndege itakaa hapo hadi lini? Inanizuilia jua, nyanya zangu zitakufa."

"Wanangoja mtu wa makumbusho. Mfupi alipiga simu."

"Na huyo mzee wa sanduku?"

"Babu yangu."

"Mwambie pole. Wangu alikuja mwaka jana na farasi wa jeshi. Farasi ndiye alipewa maji kwanza."

Mtu wa makumbusho aliitwa Anastasia, amevaa glavu nyeupe. Aliwapa marubani mikono yote miwili, akapiga picha nishani zao. Kisha akapanda stuli ya jikoni akafungua sanduku palepale kichwani kwa Babu Ameir. Lilijaa nishani zilezile za tai, kila moja ndani ya karatasi yake, kwa ajili ya marubani waliotazamiwa kufika Afrika. Zilikuwa hazina kutu. Anastasia alimwomba babu asogee, kivuli chake kinaangukia bawa la ndege.

"Ndiyo, bwana," alisema Babu Ameir, akasogea.

Katika picha za Anastasia sanduku lilitoka vizuri sana, kuanzia ubao wa chini kwenda juu.

Najla, binti wa Bi Jokha, alikuwa jikoni anajiandaa kwenda kazini Heathrow, beji yake ya uwanja wa ndege shingoni. Mama yake alimweleza kila kitu kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza, mdomo umejaa mkate, kwamba ndivyo ilivyo: hata yeye, amefanya kazi pale miaka, akiisahau beji mlango haumfungukii.

Bi Jokha akalipokea neno hilo. Akatoka, akapanda stuli, akachukua nishani moja sandukuni. "Bismillahi," akambandikia babu yake kwenye shuka, alilokuwa amelivuta begani kwa baridi. "Haya. Sasa jiamuru mwenyewe."

Wote wakangoja, pamoja na Gurdial. Yule tai akageuza shingo akamtazama Babu Ameir toka utosini hadi vumbi la miguuni. Akabandua kucha zake, akaruka, akarudi sandukuni. Kwenye nishani ikabaki bahari na jua tu.

"Ni ya walioruka," alieleza Behnke. "Huyu alitembea."

"Alibeba, ninyi mkaruka!" alisema Bi Jokha.

"Alitembea," Behnke akarudia, bila ubaya.

Adhuhuri marubani wakaondoka. Walialikwa kuweka shada la maua mahali fulani mjini, viti vya mbele. Kabla ya kupanda, Behnke alimgeukia Babu Ameir, na Bi Jokha akashika mlango kwa nguvu.

"Ngoja," alisema Behnke. Ndege ikanyanyuka, shimizi likipepea mkiani.

Bi Jokha alimpigia sheikh wa msikiti.

"Kafa?" sheikh aliuliza.

"Tangu zamani, sheikh."

"Mna hakika?"

"Yuko hapa bustanini."

"Basi someni hitma, na bibi akae eda yake."

"Hajatua mzigo."

"Huyo bado yumo safarini. Mwombeeni dua ya msafiri, na msimfungie mlango."

Kwa hiyo komeo la mlango wa jikoni halitiwi, na Najla hulalamika baridi. Bi Jokha aliifunga tena kamba ya nguo, ipite juu ya sanduku. Mvua ikinyesha, Gurdial huleta mwavuli bila kuombwa. Nishani isiyo na tai bado iko begani kwa babu, na maji ya bahari iliyo ndani yake hupwa na kujaa.

Bibi Mize huja magharibi kama kawaida, ila swali lake limebadilika.

"Wamesema atue?"

"Bado, bibi."

"Haya. Nipe hicho kijiko."

Huchukua sahani ya wali, si ukoko, na stuli ya jikoni, akatoka kwenda kumlisha mumewe.