Fahali wa Machage

Petronila alikuwa anatafuta khanga nyeusi ya kuendea msibani Butiama ndipo akaikuta ile karatasi, imetandikwa ndani, chini kabisa ya sanduku la bati kuzuia kutu. Akaigeuza. Fahali akamkodolea jicho.

Alimchora mwenyewe, zamani, akiwa binti wa shule Musoma, amekalia ndoo mbele ya bucha, ananakili fahali ambaye mchoraji Machage alikuwa anampaka ukutani. Pembe zake, nundu yake, kila kitu. Jicho tu ndilo lililomshinda. Machage akashuka kwenye ngazi, akafuta lile la binti kwenye karatasi kwa kidole chenye mate, akachora jingine. "Binti, ng'ombe wa bucha anajua anakopelekwa," akasema. "Mchore anajua."

Bucha ilishavunjwa kupisha barabara. Kuta nyingine za Machage zilifunikwa na rangi za matangazo ya simu. Naye mwenyewe alizama juzijuzi, mtumbwi ukitokea Ukerewe kuja Kisorya, na ziwa likakataa kumrudisha.

"Na kaburi lao liko wazi," alisema Rebeka, jirani, ambaye habari za msiba zilimfikia kabla ya wafiwa. "Ukoo ule hauzikagi kaburi tupu. Mwili ukikosekana, wanazika kitu alichotengeneza marehemu kwa mkono wake. Sasa huyu wa kuta watamzikia nini? Brashi hakutengeneza yeye! Wanasema kaburi likilala wazi linaita mwingine." Akaiona karatasi. "Shoga! Si hii hapa? Peleka."

"Nimechora mimi."

"Nani atajua? We funga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe."

Butiama watu walijaa hadi barabarani. Gaudensia, mama wa marehemu, alikuwa amekaa mkekani, hali, hanywi, macho yake yako kwenye lile shimo. Mzee Wambura, baba mdogo wa marehemu, aliipokea karatasi, akaiinua juu.

"Fahali wa Musoma!" wakapiga kelele. "Mkono wa Machage huo!"

Mama akaichukua, akaipapasa polepole kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. "Ni mkono wake, mwanangu?"

Ilihitajika 'ndiyo' moja tu. Kaburi lingefukiwa, mama angekula. Petronila, ambaye hotelini kwake Bunda huongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka mteja wa mwisho alipe, safari hii alichagua maneno machache.

"Hapana, mama. Nilinakili kwake. Jicho tu ndilo alilochora yeye."

 Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Amekuja kutuzikisha madaftari yake ya shule."

"Nyamaza, wewe," Wambura akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Akamgeukia shemeji yake. "Mama Machage, tuizike tu yote. Jicho limo humo humo."

"Siziki mkono wa mtu aliye hai," mama akasema. "Unataka na huyu afuate? Nipe lililo la mwanangu."

Wembe ulikuwepo, wa kunyolea wafiwa. Wakamkabidhi Petronila. Akakata taratibu kulizunguka jicho, asiguse hata kope. Kipande kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mama akakilaza kwenye shuka jeupe la ukubwa wa mtu mzima, wakalikunja, wanaume wakalishusha. Hakuna aliyehitaji kamba. Udongo ulipoanza kuanguka, mama akaomba maji.

Bunda, wateja walikuwa wanamngoja na habari. "Haya, tupe ya Butiama!" Petronila akawapakulia ugali na sangara tu. Rebeka ndiye aliyeikunjua karatasi, akachungulia kwenye tundu, akawaona walaji upande wa pili.

"Masikini, umemtia upofu. Si umchoree jingine?"

"Lilinishinda," Petronila akasema, akaenda kuirudisha ndani ya sanduku, chini kabisa, uso wa fahali umeangalia bati.