Shamba la Gatete Ndani ya Bakuli

Jumanne jioni, katika darasa la watu wazima mjini Rumonge, Scovia alichemsha majivu ya maganda ya mpunga kwa soda kali, akayachuja, akatia sabuni ya mawese aliyoipika nyumbani, kisha maji ya ndimu tone kwa tone. Mwalimu Zabroni alisema chembe za sabuni zitajipanga, na ile asili ya kioo iliyomo katika majivu itagandia kando yake.

"Nani anazipanga?" aliuliza Scovia.

"Hakuna, mama. Zinajipanga."

Scovia aliendelea kukoroga. Yeye alimjua anayepanga.

Mchanganyiko ukaganda. Ndani yake zilisimama safu nne za michikichi, ua wa minyaa na, pembeni, kaburi. Lilikuwa shamba la baba yake, Gatete. Aliuawa katika mauaji ya mwaka sabini na mbili akazikwa humo. Mkewe Yudita akakimbilia Tanzania, Scovia mgongoni. Waliporudi walimkuta mtu aitwaye Protasi akililima, na karatasi ya serikali ya kummilikisha. Alisema hajaona kaburi lolote.

"Dada, sisi tumepata jeli, wewe shamba," alisema Hadji, mwenzake wa dawati. "Tugawie."

"Mawese ulinunua kwa nani?" aliuliza mwalimu.

"Kwa Protasi. Ya michikichi hiyo hiyo."

"Basi ni sawa." Akampa kumi na sita juu ya ishirini.

Yudita alikuwa mgonjwa, na ombi lake lilikuwa moja: alazwe kando ya mumewe. Scovia alimwekea bakuli mapajani. Mama akapitisha kidole taratibu.

"Hapa nilianika maharage," alisema.

Kesho yake Scovia alipeleka bakuli kwa shefu wa kilima, mkuu wa kijiji chao, naye akamwita Protasi. Protasi aliinama, akatazama sana.

"Kaburi iko hapo. Nilisawazisha, nikalima. Lakini nina watoto saba. Nikikubali kaburi, kesho mtataka shamba."

Shefu alihesabu michikichi, akaona imetimia. "Scovia, bakuli inasema kweli. Ila karatasi iko ya Protasi, na bakuli haina muhuri."

Yudita alifariki Ijumaa. Zabroni alichoma ile jeli katika tanuri la matofali, kama somo linavyotaka.

"Sabuni imeungua," alieleza, "lakini mahali pake hapazibiki."

Kikabaki kipande cheupe, chepesi, chenye matundu. Scovia akakiweka ndani ya jeneza, wakamzika mama kwenye makaburi ya mji.

Protasi alikuja msibani, kama inavyompasa jirani, na kikapu cha mihogo aliyoing'oa asubuhi hiyo katika shamba lile. Wafiwa walikuwa na njaa. Scovia akakiombea chakula baraka, wakala.