Masafa Halali ya Mzinga wa Ratili Tano

Jumamosi saa nane mchana, wanachama tisa wa Klabu ya Vita vya Mezani ya Wexbourne walikuwa katika ukumbi wa kanisa, wamekunja mikono ya mashati, wakibishana juu ya mzinga wenye urefu wa kidole. Mezani walisimama askari mia nne wa madini ya risasi, nusu wa Mfalme, nusu wa Bunge, kama katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, wamepakwa rangi mpaka vifungo vya makoti. Inchi moja ilihesabiwa hatua ishirini. Kanuni ya kumi na nne, iliyoandikwa na mwenyekiti Desmond Pargeter, mwalimu mstaafu wa jiografia, ilisema mzinga wa ratili tano unapiga mwisho inchi thelathini. Ghala la nafaka la mji, la kadibodi, lilikuwa inchi ya thelathini na tatu kutoka mzingani.

“Haufiki,” alisema Desmond, akikunja futikamba. “Hata mkiusukuma.”

Mlango ukafunguka, akaingia Josias Thrupp, mpiga mzinga wa jeshi la Mfalme, aliyefariki mwaka 1644. Hakuwa na sikio la kushoto. Alifuta buti mkekani. Katibu wa klabu, Beryl Tamblyn, akammiminia chai na kumsogezea kitabu cha wageni. Josias hakujua kuandika, akachora msalaba.

“Nimelala hapo nje, chini ya dirisha lenu,” alisema. “Mwaka wa kumi na mbili huu nawasikia mkisema haufiki. Unafika.”

“Una chanzo?” aliuliza Desmond.

“Nilikuwepo.”

“Kuwepo si chanzo, bwana. Kila mtu amewahi kuwepo mahali.”

“Na sikio je, mzee?” akadakia Trevor Hask, aliyeongoza farasi wa Bunge. “Umelisahau kwenye basi?”

“Lilienda na mzinga wa pili, ulipopasuka,” alisema Josias, akanywa chai. “Siku ile tulipiga tufe la moto.”

Wanachama wakafungua vijitabu vyao. Kanuni ya kumi na tisa ilikataza tufe la moto kwa mizinga ya uwanjani, kwa sababu halikuwezekana.

“Tulilioka kwa mhunzi mpaka likawa jekundu,” Josias aliendelea. “Unashindilia baruti, halafu udongo mbichi na majani, ndipo tufe. Ukisahau ule ubichi, unaondoka wewe kabla ya tufe. Tuliinua mdomo wa mzinga kwa kabari, likaenda mpaka ghalani.”

“Nani aliwaamuru?” aliuliza Beryl.

“Sir Ambrose Pargeter. Alisema ndani kuna baruti ya adui. Sisi tulikuwa tunasikia watoto.”

Desmond alikohoa kidogo. Sir Ambrose alikuwa babu wa babu zake, na uso wake ulikuwa kwenye beji ya klabu.

Pale sokoni kuna bamba la shaba linalosema jambo jingine. Linasema ghala liliungua kwa uzembe wa Alice Tamblyn, aliyeangusha mshumaa, wakafa wanawake na watoto thelathini na mmoja. Ndiyo maana Beryl, wa ukoo wake, aliitwa Mshumaa tangu shule ya msingi, na marehemu mama yake hakuwahi kuruhusiwa kuwasha hata mmoja kanisani.

“Tupime basi,” alisema Beryl. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini futikamba alikuwa ameshaichukua.

Josias akaomba chembe ya chuma. Akapewa gololi ya baiskeli isiyozidi punje ya pilipili manga. Akaioka juu ya jiko la chai, akatia kwenye kimzinga baruti kutoka pembe aliyoivaa kiunoni, akashindilia jani la chai lililolowa, akadondosha gololi, akainua mdomo kwa kipande cha biskuti. Mlio ulikuwa kama wa mtu kupiga chafya. Gololi ikapita juu ya askari wa Mfalme, ikatoboa paa la ghala. Beryl akapima: inchi thelathini na tatu na robo.

Ghala likashika moto. Kabla Beryl hajalimwagia birika, mwanamke mmoja alitoka mlangoni akikohoa, kimo chake sawa na kidole gumba, masizi mpaka kwenye kope. Wengine hawakutoka.

“Wewe ni Alice?” Beryl aliuliza, akiinama.

“Ndimi. Wako wapi wenzangu?”

Trevor alikuwa anakausha farasi wake.

“Na mshumaa?” aliuliza Desmond, kalamu mkononi.

“Mshumaa gani, baba? Ilikuwa saa nane mchana. Nani anawasha mshumaa saa nane mchana?”

Kamati ikakaa papo hapo. Desmond alieleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, kwamba jaribio lilifanyika ndani, pasipo upepo, na mpigaji hakuwa ameidhinishwa. Kura zikawa saba kwa moja, na mmoja alikuwa msalani. Masafa yakabaki inchi thelathini. Josias akapewa uanachama wa heshima na kuombwa asizungumze wakati wa zamu ya mwenzake. Alice akaandikishwa kuwa mandhari ya mezani, pamoja na miti na nyumba.

“Desmond, ulimwona akitoka,” alisema Beryl.

“Nilimwona, mpenzi. Lakini tukibadilisha ya kumi na nne, tutabadilisha zote.”

Beryl akambeba Alice nyumbani ndani ya kikombe, akamtandikia leso kwenye sahani ya siagi.

Septemba ilipofika, mji ulifanya gwaride lake la kila mwaka la kukumbuka moto ule. Sanamu ya Alice ilipitishwa mitaani juu ya lori, mshumaa mkubwa mkononi, na watu waliirushia mayai kama kawaida. Alice alitazama akiwa begani kwa Beryl. Desmond alimwona, akavua kofia, akawapisha mbele ili waone vizuri.

“Pua hiyo si yangu,” alisema Alice.

Desmond alitoa daftari akaandika. Mwaka uliofuata pua ilikuwa imerekebishwa, na ilifanana na yake kabisa. Mshumaa waliuongeza urefu.