Kope Nyeupe

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu shemeji yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha mkono tu.

Mimi nauza nyama. Nina bucha yenye ndoano sita, gogo moja na friji la kulala, na watu wananiita Kisu. Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sijaweka kisu chini. Damu kwangu ni kama maji kwa mfua nguo. Mke wangu naye haogopi damu ya mbuzi. Hupita machinjioni ameinua gauni, anaruka madimbwi huku anapiga soga. Lakini mwonyeshe sindano na kile kichupa cha kupimia damu chenye kizibo cha rangi, anatafuta mlango.

Sababu naijua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, amekaa kando ya kitanda cha mama yake hospitalini. Asubuhi alikuja mtu, akatoa vichupa vitatu vya damu, akaandika jina la mama juu ya kila kimoja, akavipanga mezani, akaenda kumwita mwenzake. Hakurudi. Mchana mama akafa, na vichupa bado viko palepale.

"Mama amelala huku, damu yake imekaa kule," aliniambia mara moja tu, mwaka tuliooana. "Damu ya mbuzi haina jina, Kisu. Ndiyo maana siiogopi."

Tulikaa miaka tisa bila mtoto. Nilishazoea kuwajibu watu kwamba watoto wa kaka yangu wananitosha. Mimba iliposhika hatukumwambia mtu mpaka mwezi wa tatu, halafu tukaenda kliniki. Wakampa kadi, wakampima uzito na presha, wakamwelekeza maabara, mlango wa mwisho wa korido. Alifika katikati ya korido akanusa spiriti, akageuka. Nilimkuta getini amekumbatia nguzo, mgongo umelowa. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo, ila safari hii alianguka. Nesi akasema asirudi bila vipimo vya damu.

Sasa katika kazi yetu kuna mchezo. Siku mkaguzi wa nyama akichelewa, muuzaji huning'iniza mbele paja la jana lenye muhuri wa bluu, na nyama isiyokaguliwa hukaa nyuma yake. Mteja huona muhuri, haulizi ni wa mnyama gani. Nimeufanya mchezo huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Basi nikamtazama mdogo wa mke wangu, fundi cherehani, paji la uso ni lilelile, mwanya uleule, nikamwambia, "Nenda wewe na kadi ya dada yako. Wale wanaangalia kadi, hawaangalii uso."

"Na wakiniuliza mimba iko wapi?"

"Miezi mitatu haionekani. Kunja uso tu kama mtu anayetaka kutapika."

"Hilo halina shida, shemeji. Nitakufikiria wewe."

Akaenda, akarudi na pamba mkononi na kadi imejazwa. Kundi la damu O chanya. Wingi wa damu kumi na mbili na nukta nne. Mke wangu aliisoma kadi mara tatu, na jioni ile alikula vizuri.

Mwezi wa saba wakataka kupima tena. Shemeji alichukua mto wa kiti cha cherehani, akaufunga tumboni kwa kitambaa, akavaa gauni pana. Aliporudi alituigizia yote: jinsi alivyotembea ameshika kiuno, jinsi mtu wa maabara alivyompisha kiti na kumwambia, "Damu safi kabisa, mama. Wenzako wote wangekuwa hivi." Tulicheka mpaka fundo likafunguka na ule mto ukaanguka sakafuni.

Mke wangu aliacha kucheka ghafla.

"Uokote," alisema. "Usiuache chini namna hiyo."

Shemeji aliuokota, akaukung'uta. Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Kliniki walikuwa wakimpa vidonge vya kuongeza damu. Vilimchafua tumbo. Kuanzia mwezi wa tano alikuwa akiviweka kwenye kopo la vifungo, na nilipouliza alijibu, "Damu ninayo kumi na mbili, ya nini kujitesa?" Na mimi, niliyejua ile kumi na mbili ni ya nani, nikatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo sielewi. Tulianza kwa kudanganya watu wa kliniki, tukaishia kuamini sisi wenyewe.

Mwezi wa nane akaanza kula barafu. Alikuja buchani, akafungua friji, akakwangua barafu ya pembeni kwa kijiko na kuitafuna, kru, kru, kru, wateja wanamtazama. Nyumbani kwetu kuna ngazi nne za kupandia mlangoni. Alikuwa akisimama kwenye ya tatu, mkono ukutani, na mshipa wa shingo unaruka kama kuna kitu ndani kinachotaka kutoka. "Mtoto mzito," alisema. Nami nikasema ndiyo, ni dume.

Hata nesi karibu ashtuke. Siku moja kliniki nilikaa benchi la mlangoni nikamwona akivuta kope ya chini ya mke wangu kwa kidole gumba. Akamgeuza aelekee dirishani, akavuta tena. Kisha akafungua kadi.

"Kumi na mbili," alijisemea. "Basi ni macho yangu haya."

Akaandika. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale. Nilikuwa na mdomo.

Jumanne iliyofuata nilikwenda mnadani kununua mbuzi. Mnunuzi mjinga huangalia manyoya na mgongo. Mimi namshika mbuzi taya, navuta kope ya chini. Ikiwa nyekundu, namchukua. Ikiwa nyeupe, mbuzi huyo ameliwa kwa ndani na minyoo, nyama yake maji matupu, na njiani kwenda machinjioni anaweza kukaa chini asiinuke. Siku ile kulikuwa na jike jeusi, manyoya yanang'aa, tumbo limejaa.

"Huyu usimguse hata kope, Kisu," alisema muuzaji. "Huyu ni bibi harusi."

Nilivuta. Nyeupe. Nyeupe kabisa, kama mafuta ya figo.

"Bibi harusi wako anakufa," nikamwambia.

"Kwani nani hafi?"

Nilisogea kwa mbuzi mwingine, nikamshika taya, halafu nikamwachia. Nilikumbuka kidole gumba cha nesi. Niliondoka mnadani bila mbuzi hata mmoja, mara ya kwanza tangu nianze biashara.

Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi ya tatu na bakuli la barafu. Nilimshika kidevu, nikamwinua uso kwenye jua.

"Tazama juu, bibie."

"Unaninunua?" alisema, akacheka bila pumzi.

Nilivuta kope. Nilivuta na ya pili, kwa kuwa mtu hutumaini. Midomo, viganja, vyote vyeupe vilevile, na nilikuwa nikiviona kila siku. Macho ninayo, ila nilikuwa nikiangalia kadi.

"Vipi?" akauliza. "Kisu. Umeona nini?"

Niliingia ndani, nikachukua kadi, nikaenda kliniki na aproni yangu ya mnadani.

Nesi ni mama mtu mzima, mfupi, hapandishi sauti. Nilimweleza nimesimama.

"Damu hii ilitolewa na nani?"

"Mdogo wake."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili. Mimi ndiye niliyemtuma."

Alifunga kadi taratibu, akaisukuma mbali kama kitu kilichooza.

"Sikiliza, baba. Mwenye damu kumi na mbili akijifungua akamwaga vikombe viwili, anaomba chai. Mwenye kope unayonieleza akimwaga vikombe viwili, anakufa huku anakuangalia. Hapo ndipo tutaanza kutafuta kundi lake, na kundi hatulijui, na muda hatuna. Mimba ina wiki ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Anaweza kushikwa na uchungu usiku wa leo. Mlete sasa."

Nyumbani nilimkuta amejifungia chumbani na mdogo wake. Nilipofunguliwa alikuwa kitandani, mikono ameificha kwapani.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia."

"Shemeji, mimi naweza kwenda tena," alisema mdogo wake. "Hata sasa hivi."

"Damu yako haina kazi tena," nikamwambia. "Kaa."

Nilitaka kumbeba mke wangu kama ndama, na nguvu ninazo. Lakini mnyama akiburutwa huja moyo umepasuka. Nilikaa sakafuni, nikamwambia yote aliyosema nesi, na vikombe viwili, bila kupunguza. Aligeukia ukuta. Barafu ilikatika ndani ya bakuli.

"Si ile sindano," alisema mwishowe. "Ni baadaye. Wataiandika jina langu, wataiacha mezani, watu watakwenda zao."

"Na ukiishika mwenyewe?"

"Nani ataniruhusu?"

"Nitauliza. Wakikataa tunarudi nyumbani." Hiyo ya kurudi nyumbani sikuwa na maana nayo, na nadhani alijua.

Alishuka kitandani. Kule kliniki nesi alinisikiliza, akajikuna shingo. "Sijawahi kuona," alisema. "Ila hakuna mahali nimesoma kwamba ni kosa."

Alimlaza mke wangu ubavu, kwa kuwa aliyelala haanguki. Alimwambia atazame ukuta na akohoe akiambiwa. Mimi nilishika mkono ule mwingine. Kucha zake ziliingia kwenye ngozi yangu. Spiriti ilinuka, nami, mchinjaji kwa miaka thelathini na tano, nikaona chumba kinazunguka.

"Kohoa," alisema nesi.

Akakohoa. Damu iliyoingia kichupani ilikuwa nyepesi, haikuwa rangi ninayoijua.

"Baba, wewe kaa kwenye kiti," nesi aliniambia. "Sina nafasi ya wagonjwa wawili."

Mke wangu aliandikiwa jina lake juu ya kichupa, akakifunga kwenye ngumi. Alitembea korido yote nacho, mimi nimeshika kiwiko, nesi nyuma anasukuma kiti cha magurudumu kikiwa kitupu. Mlango wa mwisho, mtu wa maabara alipokea kichupa, akaangalia kadi, akamwangalia yeye.

"Mbona mama wa kadi hii si huyu?"

"Yule alikuwa mto wa cherehani," nikasema.

Mke wangu hakutoka mpaka alipoona kichupa kimeingia kwenye mashine. Jibu lilikuwa tano na nukta mbili. Kundi, B hasi. Mtu wa maabara aliifuta ile O chanya kwa kalamu nyekundu, akafuta na ile kumi na mbili, akabonyeza hadi kadi ikatoboka.

Walimlaza papo hapo. Kwenye friji lao hapakuwa na B hasi. Walipiga simu hospitali nyingine, na nyingine. Shemeji alikuja mbio amekunja mkono wa gauni, yuko tayari kutoa yote, akaambiwa damu yake ni chanya, haimfai dada yake hata tone. Yangu pia haikufaa. Alikaa chini kwenye korido, akauficha ule mkono ndani ya nguo.

Alhamisi asubuhi uchungu ulianza. Sanduku la barafu lilifika saa nne, lina mifuko miwili tu ya damu. Mmoja waliutundika hapohapo. Wa pili waliuhifadhi.

"Tuombe usihitajike," alisema nesi. Uso wake ulisema utahitajika.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, msichana, analia kwa hasira. Nilikuwa nje ya mlango. Nilimsikia, nikaanza kutabasamu, halafu nikasikia nesi akisema kwa sauti ileile ya chini, "Leteni ule wa pili. Sasa."

Mlango uliachwa wazi. Niliona shuka. Najua damu ikiwa nyingi ni kiasi gani, hakuna mtu anayeweza kunidanganya kwa hilo. Mke wangu alikuwa amegeuza uso upande wangu, lakini sijui kama alikuwa ananiona.

Mfuko ulipita mbele yangu. Juu yake kuna karatasi nyeupe, na kwenye karatasi jina la mke wangu, lote, herufi kubwa. Midomo yake ilitikisika. Nesi akainama.

"Anauliza kimeandikwa nini," alisema, akaugeuza mfuko ili asome mwenyewe. Mke wangu alisoma. Kisha akanyoosha mkono, pole pole, kiganja juu, akaushikilia pale mpaka sindano ya pili ikaingia.

Walimkanda tumbo, walimchoma dawa, walihesabu vitambaa vilivyolowa damu. Baada ya saa moja na nusu nesi aliniita kwa kidole.

"Njoo utazame. Si ndiyo kazi yako?"

Nilinawa mikono hadi viwiko. Nikamgeuza uso taratibu kuelekea dirishani, nikavuta kope ya chini. Pembeni kulikuwa na uzi wa wekundu. Si mwingi. Nimewahi kukataa mbuzi kwa wekundu ule.

"Unaninunua?" alisema. Sauti ilikuwa hewa tu.

Nilivuta na ile ya pili, nikaangalia vizuri kabla ya kujibu.

"Nakuchukua," nikamwambia.