Aliyefungwa Ndiye Refa

Tangu mwezi wa nne Teuila Fonoti hakuweza kufunga nywele zake mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa unafika usawa wa kifua, basi, hapo unagoma. Kwa hiyo saa moja asubuhi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa buti la gari, katika maegesho ya ufukwe wa Hermosa, California, na mwenzake wa timu ya mpira wa wavu, Brooke, amesimama nyuma yake akimsuka mkia mmoja, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Usivute sana."

"Nisipovuta zitafumuka seti ya kwanza. Tulia, mama."

Brooke alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Teuila thelathini na minne. Nywele zilipokwisha, Brooke alitoa utepe wa bluu, ule wa kushikilia misuli, akaubandika kutoka shingoni hadi karibu na kiwiko, vipande vitatu. Kisha akamsaidia kupenyeza mkono kwenye fulana nyeusi ya mikono mirefu. Wengi ufukweni huvaa hivyo kukwepa jua, na hakuna anayeuliza.

"Zimebaki mechi tatu," Brooke alisema.

"Tatu tu."

"Tukishinda zote nakununulia keki."

"Keki kula mwenyewe. Mimi nataka kisu cha daktari."

Walicheka, lakini ilikuwa kweli tupu. Mwezi ule wa nne, katika zahanati ya wasio na bima kule Carson alikozaliwa, daktari alimwonyesha picha ya bega lake. Kano kuu ilikuwa imechanika, imebaki nyuzi nyuzi. Ikikatika yote, alimwambia, hata kikombe hutakiinua. Inashoneka, lakini si hapa, na si bure. Alipotaja gharama, Teuila alicheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Bega lile halikuharibikia mchangani. Lililiwa miaka kumi na moja katika mpira wa wavu wa ukumbini, kwenye sakafu za mbao: Ponce, Ankara, na mji mmoja wa Poland ambako theluji ilifika madirishani. Huko alikuwa anapiga mikwaju mia tatu kwa siku, na klabu ilikuwa na daktari wake mwenye sindano: moja kabla ya mechi, moja baada yake. Mkataba ulisema mchezaji akikosa mechi sita mfululizo, mkataba umekufa. Basi hakukosa hata moja. Walimpigia makofi, wakamtundikia picha ukutani, na alipotimiza thelathini na miwili wakaacha kupokea simu zake.

Akarudi mchangani, alikoanzia. Baba yake, kuli wa bandari ya Long Beach, ndiye aliyemfundisha mpira wa wavu wa ufukweni, Jumapili baada ya kanisa na chakula kikubwa cha familia, tumbo likiwa bado zito. Mchangani hakuna mwajiri. Karatasi za Ziara, chama kinachoendesha mashindano, zilisema kila mchezaji ni mfanyabiashara wa kujitegemea. Biashara yenyewe ni goti na bega, na duka likiungua ni lako peke yako.

Kulikuwa na mlango mmoja tu. Timu iliyovuka mchujo na kuingia droo kuu mara tatu katika msimu mmoja, wachezaji wake wote wawili waliwekwa kwenye bima ya Ziara mwaka mzima. Teuila na Brooke walikuwa wameingia mara mbili. Haya yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu, na mchujo wake ulikuwa mechi tatu, zote siku hiyo hiyo ya Alhamisi. Bega lilipaswa kushinda ndipo litibiwe.

Kwenye meza ya usajili alikaa Todd Brannigan, mkurugenzi wa mashindano, mwanamume mwenye kofia ya majani na tabasamu lisilochoka.

"Teuila, dada yangu. Unajisikiaje?"

"Kama msichana wa miaka kumi na minane."

"Ndivyo nipendavyo kusikia. Weka alama hapo palipoandikwa sina jeraha lolote. Na sahihi chini."

Aliweka alama, akatia sahihi. Asiyeweka alama hachezi. Hilo lilijulikana kwa wote waliopanga foleni nyuma yake, na miongoni mwao sidhani walikuwapo watano wasiokuwa na kitu cha kuficha.

Mchezo wa watu wawili hauna huruma. Unachagua mmoja wa wale wawili, unamwanzishia yeye kila mpira, maana anayepokea ndiye atakayelazimika kuruka na kupiga. Unamrudia yeye huyo huyo mpaka akate pumzi. Katika mechi mbili za asubuhi wapinzani walimchagua Brooke. Walikuwa wakilijua jina la Teuila, wengine walikuwa wamekua wakimtazama kwenye televisheni, wakaona bora wamchoshe mtoto. Brooke alipokea, Teuila akampandishia mpira laini juu ya wavu, Brooke akapiga. Mechi ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili hivyo hivyo. Fulana nyeusi ililoa jasho na siri ikabaki ndani yake.

Saa sita mchana walikula wali na nyama ya kopo vilivyofungwa kwa mwani, alivyoviandaa mama yake Teuila. Brooke alikuwa akiangalia simu yake na kuigeuza kifudifudi kila mara.

"Nani huyo?"

"Hakuna. Kula."

Mechi ya tatu iliwekwa uwanja namba mbili, wenye kamera. Saa nane kasoro dakika tano Todd alikuja na vizibao viwili vyeupe, visivyo na mikono, kifuani vimeandikwa PWANI SALAMA. Hiyo ilikuwa kampuni ya bima iliyofadhili Ziara.

"Uwanja wa kamera, sare ya mfadhili," alisema.

"Nitavaa juu ya hii yangu."

"Wachezaji wawili lazima wafanane. Kanuni ya sita."

"Todd, jua linanichoma. Nina ngozi mbaya."

"Dada Teuila, tunajuana miaka mingapi? Mimi sina neno. Lakini hao ndio wanaotulisha. Una dakika tatu, ama nawapa wenzenu ushindi wa mezani." Akampapasa begani, bega lile lile, akaondoka akipiga mluzi.

Walikimbilia nyuma ya choo cha wachezaji. Brooke alimvua fulana.

"Ubandue utepe. Wakiuona tumekwisha."

"Bandua wewe. Sifiki."

Brooke alivuta kipande kimoja kimoja. Ngozi iliyofunikwa tangu mwezi wa nne ilitoka na gundi, ikabaki michirizi mitatu myekundu kama iliyochapwa fimbo, kutoka shingoni hadi mkononi. Utepe ungekuwa afadhali. Walitazamana, wakajua wamejiumbua wenyewe, na filimbi ikalia.

Wapinzani walikuwa wanafunzi wawili wa chuo, Paige na mwenzake. Paige alikuja kwenye wavu kusalimia, akatazama bega la Teuila mara moja. Mara moja tu. Akarudi nyuma, akamnong'oneza mwenzake.

Mpira wa kwanza ukaja kwa Teuila, na wa pili, na wa tatu. Seti ya kwanza aliwalaghai. Alipiga kwa kushoto, alidokoa kwa vidole, alisukuma mpira pembeni walipokuwa wakitarajia kombora, na ishirini na moja kwa kumi na tisa ikawa yao. Watu walishangilia wakidhani ni mbwembwe. Seti ya pili wale wasichana walikuwa wamemsoma. Walisogea mbele, wakawa wanaokota vidokozi vyake kama wanaookota maembe. Mipira ishirini ilianzishwa upande wake seti ile, hakuna hata mmoja uliokwenda kwa Brooke. Wakafungwa.

"Siwezi kukusaidia," Brooke alisema wakinywa maji. "Hawanipi hata mmoja."

"Wewe pandisha tu. Pandisha juu, mbali na wavu kidogo."

"Utapiga kwa mkono gani?"

Teuila akarudi uwanjani. Seti ya tatu huchezwa hadi kumi na tano. Walikwenda bega kwa bega mpaka kumi na tatu kwa kumi na tatu, kisha Paige akapata moja. Mpira uliofuata ukaja tena kwa Teuila, akaupokea vizuri, na Brooke akaupandisha vile vile alivyoambiwa, juu, ukining'inia dhidi ya jua. Upande wa pili walikuwa wamesogea mbele wote wawili kungoja kidokozi. Nyuma yao mchanga ulikuwa mtupu. Mpigaji yeyote mzima angeufikisha pale amefumba macho, na Teuila alikuwa ameupiga mpira wa namna ile maelfu ya mara kwa ajili ya klabu za watu.

Liwalo na liwe, alijisemea. Akaruka, akavuta mkono wa kulia nyuma, akapiga.

Sauti aliisikia peke yake, ndani ya mwili, kama kitambaa kipya kinapochanwa. Mpira ukagusa kiganja na kuanguka miguuni pake, na mechi ikaisha.

Paige alipokuja kupeana mkono, alitoa wa kushoto.

"Pole, dada. Nilikuwa na picha yako chumbani kwetu."

"Na bado ukanifanyia hivyo."

Msichana aliinamisha macho. "Na sisi tulikuwa tumeingia droo kuu mara mbili tu," alisema. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamevimba. Teuila alimchukia muda wa kama pumzi tatu, halafu akashindwa kuendelea.

Alikwenda kwenye hema la matibabu ameukumbatia mkono. Mganga wa viungo, mama mwenye mvi, alikuwa akikusanya mifuko ya barafu.

"Bangili yako ya droo kuu?"

"Sina. Nataka barafu tu."

Mama yule alitazama mkono, akatazama huku na huku. "Wakinikuta nakupa bila bangili, hapa nimefukuzwa. Duka la vinywaji wana barafu, mwanangu. Waambie nimekutuma mimi."

Hakufika huko. Kipaza sauti kilimtaja jina: refa, uwanja namba mbili. Ufukweni desturi ni ya zamani kuliko Ziara yenyewe: timu iliyofungwa hubaki kusimamia mechi inayofuata uwanja huo huo, mmoja refa, mwingine kibao cha pointi. Baba yake alimwambia ni adabu ya mchezo. Enzi za baba yake marefa wa kulipwa hawakuwapo. Siku hizi wangeweza kuwapo, ila adabu ni rahisi zaidi.

"Todd, leo nisamehe," alimwambia. "Mkono hauinuki."

Todd aliacha kutabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamvuta kando ya meza, akashusha sauti, kwa upole.

"Sikiliza, dada yangu. Asubuhi ulitia sahihi huna jeraha. Ukiniambia sasa umeumia, kuna mambo mawili. Ama umeumia uwanjani mwangu leo, na watu wote wameona michirizi hiyo ni ya zamani. Ama ulinidanganya kwa maandishi, na hiyo ni mwaka mzima nje, wewe na Brooke. Sasa nisaidie. Umeumia?"

Upepo ulipeperusha karatasi za usajili zilizowekewa jiwe juu. Teuila alizitazama, akaitafuta yake.

"Sijaumia."

"Basi panda jukwaani. Kuna kamera."

Brooke alikuwa ameshashika kibao cha pointi. Hakumtazama.

"Aliyekuwa akinipigia mchana ni Kayla," alisema. "Mwenzake wa timu anaacha. Anataka nianze kucheza naye mwezi wa kwanza."

"Umemjibu nini?"

"Teuila, na mimi nina mama. Na mimi sina bima." Alikuwa analia. "Hukuwahi kuniuliza magoti yangu yakoje."

Ni kweli, hakuwahi. Teuila alitaka kumwambia neno la kumuumiza, na lilikuwapo, tayari ulimini. Badala yake akamwambia, "Nifunge nywele, zimefumuka." Brooke akamfunga.

Jukwaa la refa lilikuwa la chuma, ngazi nne, nguzo yake imezungushiwa sponji jeupe lenye herufi kubwa za bluu: PWANI SALAMA, TUKO NAWE KILA SIKU. Alipanda kwa mkono wa kushoto, ngazi moja, akatulia, ngazi ya pili, akatulia. Juu kule aliiona bahari yote na viwanja vyote kumi na viwili, na watu wanaokula chipsi chini ya miavuli. Akatia filimbi mdomoni.

Mpira wa kwanza ulitua ndani ya mstari. Pointi ilikuwa ya timu ya upande wa kulia. Refa hupuliza, kisha hunyoosha mkono ulio upande wa walioshinda. Teuila alipuliza. Mkono ulibaki unaning'inia pajani, na alipouamrisha uende, vidole tu ndivyo vilivyotikisika.

"Refa, ya nani hiyo?"

"Kulia," alisema, lakini filimbi ilikuwa mdomoni na upepo ukalichukua neno.

"Refa amelala," mtu alisema kutoka kwenye viti, na wenzake wakacheka.

"Ishara, Teuila," Todd aliita kutoka hemani. "Ishara, tafadhali."

Alishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua taratibu kama unavyomwinua mtoto aliyesinzia, mpaka usawa wa bega, akaunyoosha kulia, akaushikilia hapo ili kila mtu aone. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kamera iligeuka kumfuata mwanzishaji.

Chini yake Brooke aligeuza kibao. Moja kwa sifuri. Seti huchezwa hadi ishirini na moja.